Siku Blogu ya Melchior Ilipomtangaza Mwenyewe

Binti yangu Christa anaishi kwa kutangaza vifo. Msicheke, ni kazi ya heshima. Mtu akifariki hapa Butembo, Christa anaandika kwenye blogu yake: marehemu ni nani, mwana wa nani, kilio kiko mtaa gani, kanisa gani litamzika. Ndugu walioko Kasindi, Goma, hata Kampala, wanasoma kabla ya kupanda gari. Sisi Wanande tunapewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo mji umejaa akina Kakule na akina Mumbere. Ukitangaza kwamba Kakule amefariki, basi, utaliza familia nyingi bure. Ndiyo maana mimi hutangulia kwenye vilio. Niko katika kikundi cha akina mama wa kanisa wanaowapikia wafiwa, na pale jikoni ninamwuliza shangazi wa marehemu polepole: baba yake nani, alizaliwa wapi, alipenda nini. Jioni ninamletea Christa majibu.

Ni mtoto mkimya. Shuleni akipigwa hakurudisha. Mimi ndiye niliyekwenda kumngoja njiani yule aliyempiga. Baadaye alisoma informatique, mambo ya kompyuta, hapa mjini, na tangu baba yake atutoke, blogu ndiyo inayotulisha.

Alinifundisha kuhusu plagini, vipande vidogo vya programu ambavyo unabandika kwenye blogu ili kila kimoja kifanye kazi yake. Kimoja kinaifanya blogu ionekane mbele watu wakitafuta. Kingine kinapanga matangazo ya biashara pembeni. Kingine kinahesabu wageni na kuonyesha walikotoka, na hicho ndicho nilichokipenda. Nilikuwa ninakaa kando yake na kutazama: ameingia mtu wa Kasindi, ameingia mtu wa Beni, huyu yuko Kanada. Ni kama kukaa mlangoni na kuona nani anapita.

Mteja wake mkubwa ni papa Gamaliel wa mtaa wa Rughenda, fundi wa masanduku ya kuzikia. Tangazo lake linakaa kando ya kila kifo.

Sasa Melchior. Huyo ni kijana wa Beni aliyesoma na Christa, na blogu waliianza wawili. Nilimlisha katika nyumba hii. Alikuwa ananiita mama na kujiongezea sombe, yaani kisamvu, bila kukaribishwa. Siku moja akarudi kwao Beni, kwenye kata, au commune, ya Ruwenzori, akafungua blogu yake ya vifo. Wageni wa Christa wakaanza kupungua, na mimi niliyezoea kutazama mlango nikaona watu hawapiti tena.

Nikamwambia Christa afungue kwa Melchior tusome. Nilikuta maneno yangu. Kulikuwa na tangazo la mama mmoja wa kwaya, limeandikwa kwamba aliimba sauti ya pili na alipenda chai isiyo na sukari. Hayo niliambiwa na binti yake, tumeinama juu ya sufuria, anafuta machozi kwa kitenge changu.

“Alikuja kwa kile kilio?” niliuliza.

“Hapana, mama. Ameweka plagini ya kunyonya. Kila kitu minaandika, inakikamata yenyewe, inakiweka kwake.”

“Na yeye anasomaka mbele ya kuweka?”

“Hasomake hata. Yeye analala, plagini njo inatumika kazi yote.”

Wiki ile ile papa Gamaliel akaja, amevua kofia.

“Mama Christa, musinikasirikie. Melchior amenionesha hesabu ya bageni yake, inapita yenu mbali. Mie niko na batoto. Donc mwezi ikiisha, pub yangu, ile tangazo ya masanduku, itaenda Beni.”

“Sawa, papa,” Christa akasema. Sawa, papa! Kama alivyokuwa shuleni. Gamaliel akiondoka na wengine watamfuata, na blogu itafungwa.

Alipotoka nikamwambia, “Tuandike kama Melchior amekufa.”

“Mama! Unataka mama yake aanguke?”

“Aanguke kidogo.”

“Hapana. Hakufa, sitaandika bongo pale.”

“Basi andika kweli. Andika kama iko muzima.”

Akanitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu wageni waanze kupungua. Tukaandika. Kichwa kilikuwa kama vichwa vyote: “Melchior, mwana wa mama Monique, commune Ruwenzori, Beni.” Chini yake: “Yu hai na ni mzima. Vifo vyote mnavyosoma kwenye blogu yake vimechukuliwa hapa bila ruhusa, na yeye hajafika kwenye kilio hata kimoja. Wafanyabiashara wajue.”

Christa alisitasita. Nilibonyeza mimi.

Plagini ya Melchior ikafanya kazi yake. Ikachukua tangazo na kuliweka kwake, na kwa kuwa imezoeshwa vifo tu, ikabandika msalaba mweusi juu. Ukurasa wake wa mbele unaonyesha kichwa na msalaba. Maneno mengine mpaka ufungue. Na kwetu nani anafungua? Megabaiti ni ghali. Mtu anasoma kichwa, anatafuta kuni za kupeleka kilioni, anakwenda.

Binamu yangu Eliane, anayekaa Beni, alinieleza yote akicheka mpaka anakohoa. Alikuwa amebeba kuni zake pia. Uani kwa Monique vijana walikuwa wameshafunga hema na kupanga viti, akina mama wanalia, na Monique anatoka sokoni na kapu kichwani. Akaliangusha kapu. Hapo Melchior akatoka bafuni na taulo kiunoni, na nusu ya waombolezaji wakaruka ua.

Akapiga simu. “Mama Christa, muondoe ile kitu! Batu banalia hapa!”

“Iko kwa page ya nani?”

“Yangu, mais...”

“Ondoa yako. Ya kwetu inasema uko muzima.”

Kila alipolifuta, plagini ililichukua tena kwetu, kwa hiyo hakuwa na njia isipokuwa kuizima. Alipoizima, blogu yake ikabaki bubu. Watu walikuwa wanafariki kila siku kama kawaida, na kwake hakufariki mtu.

Christa anasema hakufikiria ule msalaba. Mimi niliufikiria.

Papa Gamaliel alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. “Mujomba yake alinipigia simu, ananipatia urefu wa maiti. Nimekata mbao za mutu anaoga!”

“Pole, papa,” nikasema.

“Kisha nikafungua, nikasoma mpaka chini. Kumbe ile hesabu alinionesha ni ya bageni banakuja kusoma mambo ya Christa?”

“Njo vile,” Christa akasema, na safari hii alimtazama machoni. “Na sasa hapana tena kitu ya kusoma kule. Pub yako ibakie ao iende?”

“Ibakie, mwanangu. Ibakie.”

Wengine wakafuata alipobaki yeye. Watu wanapita tena mlangoni kwetu.

Monique nilikutana naye kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alikaa benchi moja na mimi, akazungumza bila kugeuka.

“Mama Christa, uliniua ile siku.”

“Hapana mie. Uliza page ya mutoto wako.”

“Weye pia uko mama.”

“Ndiyo. Njo maana.”

Pasta akatuambia tupeane mikono ya amani. Nilimpa wangu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Kisha tukainama kuomba, na nilimwombea Melchior kwa jina: asipate mteja hata mmoja mpaka aje Butembo kwa miguu yake, asimame mbele ya binti yangu, na aombe msamaha kwa sauti ambayo majirani wataisikia.