Aliyeitikia Karibu Yangu

Kama unatafuta jambo la usiku wa manane utanisamehe, maana hili lilinipata saa nane mchana, jua likiwaka, mbele ya sahani ya soseji. Na lilinipata kweli. Mimi ni afisa nyuki hapa Bariadi, kazi yangu ni kukagua mizinga na kubishana na wafugaji, na zamani ukiniletea habari za mizimu nilikuwa nakucheka mbele ya watu. Siku hizi sicheki.

Nilipelekwa Ulaya kwa mafunzo ya wiki mbili, kwenye mji unaoitwa Ljubljana, mji mkuu wa nchi ya Slovenia. Huko nyuki wanaheshimiwa kuliko sisi maafisa wao. Mji wenyewe ni mdogo, katikati yake unapazunguka kwa miguu na bado asubuhi haijaisha. Jumamosi tukapewa mapumziko. Wenzangu wakaenda madukani kutafuta nguo. Mimi nikasema niione nchi ya watu, na nile.

Basi nikavuka daraja lao lenye majoka ya shaba yenye mabawa. Watoto wanapigwa nayo picha. Sisi tuliokulia kwenye ngoma za kucheza na chatu hayatushtui sana, lakini nilipiga picha nikamtumia mke wangu. Akajibu neno moja tu: "Umekula?" Nikapanda ngomeni kwa kigari kinachovutwa na waya, nikatazama mapaa mekundu na milima ya mbali, nikashuka. Nikala keki ya mraba yenye krimu mpaka puani. Nikala mkate wa matabaka uliojaa nyama. Sokoni nikaonja asali za bure meza baada ya meza, hadi mama mmoja akaanza kufunika mitungi yake akiniona nakuja. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli, ile furaha ya mtu asiyejulikana na yeyote.

Saa nane nikakaa kwenye mgahawa ulioweka meza nje, kando ya mto. Mhudumu, msichana mwenye haraka, akaniletea soseji nene na viazi vilivyokaangwa na vitunguu. Sasa hapa ndipo nilipokosea. Unajua sisi tulivyo. Huli mbele ya watu bila kukaribisha, na anayekaribishwa hujibu "asante, endelea," mambo yakaisha. Kwa siku nasema karibu mara kumi na hakuna anayekaa. Mdomo wangu haukujua kwamba umevuka bahari. Akapita mzee na mbwa wake, nikasema, "Karibu tule." Akapita mwenye baiskeli, nikasema karibu. Akapita kijana mweusi, sikumtazama hata usoni, nikasema karibu.

"Mwadila," akajibu.

Hiyo ni salamu yetu ya mchana, ya Kisukuma. Nilishtuka, nikainua macho. Kijana wa miaka ishirini na tano hivi, amevaa jaketi zito lililofungwa zipu mpaka kidevuni, na watu wote pale wanatoka jasho. Nikaitikia mwadila. Nikamuuliza ni wa kwa nani, kama tunavyoulizana nyumbani.

"Mimi Limbu, wa kwa Masunga, Kalemela," akasema. "Nyumba ya pili toka mashine ya kukoboa. Umesema karibu, baba. Nikae?"

Ningekataaje? Kalemela ni kwetu kabisa, nina vikundi vya mizinga kule. Nikamwita mhudumu alete sahani ya pili. Akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu namsubiri. Nikamwona hana adabu. Akaleta sahani, nikamgawia kijana nusu nzuri, soseji nzima na viazi. Akachukua maji ya mezani akanawa, akala kwa mkono, taratibu. Niamini, nilimwona akitafuna.

Nikamuuliza amefikaje huko. Akasema, "Nilikuwa nakuja huku, njiani nikakwama." Nikadhani anasema habari za karatasi za kuishi, nikaona nisimwaibishe. Nikamuuliza kama ana salamu za nyumbani. Akaacha kula.

"Mwambie mama asiniwekee chakula tena," akasema. "Kila jioni ananiwekea sahani. Nami kila jioni inabidi nirudi nikaitazame. Siwezi kuila na siwezi kuiacha. Nimechoka, baba. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nilidhani ni lugha ya mtu aliyekumbuka kwao. Nikamwambia nitamfikishia. Akasema wabeja, yaani asante, na mhudumu akaja na bili. Nikainama kutafuta pochi. Nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Sikuona ajabu sana, mtaa ulikuwa na watu. Kilichonishtua ni sahani. Soseji ilikuwa nzima. Viazi vilikuwa kama nilivyovigawa, hata mafuta yake yalikuwa yameganda. Msichana akaniuliza kama anifungie chakula kile niondoke nacho, kwa kuwa sikukigusa.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nikapata safari ya Kalemela. Nyumba ya pili toka mashine ya kukoboa ilikuwepo. Nikampata kwanza mdogo wake Limbu, fundi baiskeli, anatengeneza mnyororo nje. Nilipotaja jina tu akanivuta pembeni. Akaniambia kaka yake aliondoka miaka kumi na miwili iliyopita, boti yao ikazama kwenye bahari ya kwenda Ulaya, na mwenzake aliyenusurika ndiye aliyepiga simu. Maiti haikuonekana. "Mama hajakubali matanga," akasema. "Anasema hajaona mtu. Kila jioni anampakulia. Tumeomba, padri ameomba. Kama una neno la kumsaidia alie amalize, mwambie."

Neno nilikuwa nalo. Unaona? Lilikuwa mdomoni kabisa.

Mama yake alikuwa jikoni, mwembamba, nywele zote nyeupe. Nikamsalimia, "Mwadila mayu," yaani mama. Nikamwambia nimetoka Ulaya na nimeonana na Limbu, anamsalimia. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akashika ukingo wa kanga yake. Sikutegemea swali lake. Hakuuliza anaishi wapi, wala anafanya kazi gani.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula, mayu."

"Alikula nini?"

Nikamweleza soseji, viazi, vitunguu. Akataka kujua soseji ni nini, nikamweleza nyama iliyosagwa. Akataka kujua kama ilikuwa ya moto.

"Alishiba?"

Nyuma yake, kwenye kichanja, niliona sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nilitakiwa kusema ile sahani ya kule ilibaki imejaa. Nilitakiwa kusema, mama, amesema usimwekee tena. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu, na moyo wangu ukawa mwoga. Nikasema, "Alishiba, mayu."

Akamgeukia mwanawe mlangoni. "Umesikia? Mlitaka nimlilie mtu anayekula."

 Yule mdogo alirudi kwenye mnyororo wake, na tangu siku ile hanisalimii. Ana haki. Nilipewa maneno ya kumfungua mama yake na ndugu yake, nikayageuza kuwa kufuli.

Huu ni mwaka wa pili. Mimi sikaribishi tena mtu mezani, na ofisini wanasema nimekuwa mchoyo. Jioni chakula kikipakuliwa nyumbani napoteza hamu, kwa sababu najua saa hiyo kuna mtu anaanza safari ndefu kwenda kutazama sahani, na mimi ndiye niliyemnyima kupumzika. Mwezi uliopita mama yake alinitumia mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika kwa mkono wake, na ujumbe kwamba nikienda tena Ulaya nimpelekee, maana zile nyama za kusagwa hazikai tumboni. Mfuko uko kwenye kabati la ofisi, chini ya mafaili.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukipewa salamu, iwe na mzima au na mtu usiyemwelewa, zifikishe zote kama ulivyopewa. Usiondoe neno chungu kwa kumwonea huruma anayepokea. Huruma yangu imemgharimu mama mmoja miaka miwili ya kupakua. Jumamosi hii nimeomba gari la kwenda Kalemela. Niliwahi kuliomba mara mbili, nikafika Kiloleli, njiani tu, nikamwambia dereva tugeuze.