Karatasi Inayonyonya Mafuta

Watu wakiniuliza niliijulia wapi kompyuta, huwajibu kwamba niliijulia kwenye mafuta ya mawese, nao hudhani natania. Sitanii. Miaka yote ya vita nilikaanga mandazi pale Rumonge, karibu na mahali yanaposimama mabasi madogo ya Bujumbura na Nyanza-Lac, na nilichofungia mandazi hayo kilikuwa magazeti ya kompyuta ya Kifaransa. Sidhani kama kuna mwanamke mwingine katika ufuko ule aliyeyachana mengi kuliko mimi, wala aliyechoka nayo kama nilivyochoka.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu katika lisee, sekondari ya pale. Kila mtu alimwita Mwalimu, na mimi pia, hata nyumbani. Kabla ya vita, mhandisi mmoja mzungu wa shamba la michikichi alikuwa akimwazima magazeti hayo, na mara mbili alimkalisha mbele ya mashine yenyewe, ordinatere kama tunavyoiita kwetu, ofisini kwake. Mara mbili tu, lakini Mwalimu alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kuposa. Vita vilipoanza mhandisi alifunga virago, akaondoka na mashine yake, akatuachia makartoni matatu ya magazeti yaliyojaza nusu ya sebule.

Magazeti ya wakati ule hayakuwa na uzuri wowote. Karatasi ilikuwa ya kijivu, nyepesi, na ndani mlikuwa na kurasa tele za mistari yenye namba: kumi, ishirini, thelathini, hadi mamia. Mwalimu alinieleza kwamba kila mstari ni amri moja kwa mashine. Mwenye mashine alipaswa kuipiga yote kwa vidole vyake, na akikosea alama moja, kazi imeharibika. Nyuma kabisa kulikuwa na kurasa za wasomaji. Watu wa kawaida walituma programu walizozitunga wenyewe, na gazeti likazichapisha na kutaja mji wa mtungaji. Kurasa hizo ndizo zilizomtia Mwalimu wazimu.

Akatunga yake. Mashine hakuwa nayo, kwa hiyo aliiandika kwa kalamu kwenye karatasi za miraba, kurasa nane, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Ilikuwa ya kuhesabu mwezi. Kwetu ndagala, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazivuti kitu mwezi ukiwa umejaa, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku hizo. Programu yake ingetoa siku zote za giza za mwaka unaokuja.

"Sasa mutu wa ndagala anahitaji ordinatere ya nini?" nilimwuliza. "Si anaangalia juu anaona mwezi?"

"Anaona wa leo," akasema. "Wa mwaka kesho haoni."

Nilimcheka sana. Lakini nilielewa alichokuwa anakitaka. Hakutaka utajiri. Alitaka siku moja afungue gazeti nyuma, akute mistari yake imechapishwa, na chini yake pameandikwa Rumonge. Akaitia kazi yake kwenye bahasha, akaniomba niipeleke posta, maana yeye alikuwa na vipindi.

Asubuhi hiyo nilikuta mlango wa posta umefungwa na watu wanakimbia. Sitasimulia vita hapa. Waliokuwepo wanajua, na mimi nimechoka kuvisimulia. Niliitia bahasha ndani ya kitenge, nikakimbia kama wengine. Jioni Mwalimu alirudi amejaa vumbi mpaka magotini. Wenzake wawili hawakuonekana shuleni, na darasa lake lilikuwa limetoka kwa kupitia madirisha. Alikaa kwenye kiti, hakuomba hata maji. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Umeituma?"

"Nimeituma," nikasema.

Nilitaka siku ile awe na jambo moja lililokwenda sawa. Nilikusudia kuipeleka kesho yake, lakini kesho yake hatukulala nyumbani, wala wiki ile yote. Bahasha niliifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaificha chini kabisa ya debe la unga, kwa sababu debe la unga ndilo lililobebwa kwanza kila tulipokimbia. Posta ilipofunguliwa tena, uongo wangu ulikuwa umeshazoea nyumba. Ningemwambia nini? Kila wiki iliyopita ilifanya jambo liwe gumu zaidi. Mengi niliyoyakosea miaka ile niliyakosea kwa uchovu, si kwa ubaya, ingawa najua aliyekosewa haoni tofauti.

Mshahara wa ualimu ukawa unakuja ukitaka. Nikaanza kukaanga mandazi, na makartoni ya mhandisi yakawa karatasi zangu. Yalipokwisha, konvoyeri mmoja, utingo wa basi la Bujumbura, akawa ananiletea mafurushi ya magazeti makuukuu kutoka sokoni huko, kila barabara ya Muhuta ilipopitika. Yalikuwa yametupwa huko Ulaya yakauzwa kwetu kwa uzito. Wengine waligombania yale yenye picha za nguo na wachezaji mpira. Ya kompyuta yakanibakia mimi. Yalifika yamechanganyika, la miaka mitatu nyuma limelalia la mwaka jana.

Mwalimu aliweka sharti moja: hakuna gazeti litakalochanwa kabla hajalipitia. Kwa hiyo kila asubuhi, mafuta yakichemka, alikaa kwenye kreti ya soda akifungua kurasa kuanzia nyuma, kama mtoto anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya mtihani. Akimaliza ananipa.

"Haiko humu," anasema. "Labda ijayo."

Na mimi nachana. Niliyejua kwamba haitakuwemo ndiye niliyempokea gazeti mkononi. Zilikuwepo siku nilizomchukia kwa kutafuta kwake, na siku nyingine nilijichukia mwenyewe, na siku nyingi sana nilitaka tu mafuta yachemke haraka nifanye kazi nisifikiri.

Wateja wa mwanzo walisoma. Mandazi ya mawese huacha mafuta mekundu, na karatasi ile ya kijivu ilikuwa inayanyonya vizuri, maandishi yakabaki yanaonekana. Karani wa zahanati alikuwa anakula polepole akifuata namba kwa kidole. Kuna siku alirudi mbio.

"Mama, iko nusu ingine ya hii? Imeishia mustari wa makumi nane."

Nilimtafutia tukacheka. Walikuwepo yeye, walimu wawili, mpima ardhi mmoja wa Bugarama, na wanafunzi wakubwa wa lisee. Wakaondoka mmoja mmoja. Baadhi walivuka kwenda kambi za Kigoma, baadhi walikwenda Bujumbura, na karani yule mpaka leo sijui alikokwenda. Hakuna aliyeniaga. Niligundua tu kwamba hakuna tena anayeulizia nusu nyingine.

Magazeti nayo yakabadilika. Ile mistari yenye namba ilipungua hadi ukurasa mmoja, kisha nusu. Mahali pake waliweka mashine zimepangwa safu, ipi ina kasi kuliko ipi, na wanaume wenye tai wakizitabasamia. Wasomaji wangu sasa walikuwa askari wa bariyeri, wale wa vizuizi vya barabarani. Mmoja alikunjua karatasi yake akaona picha ya mchezo, watu wenye bunduki katikati ya moshi.

"Hii ni vita ya wapi, mama?"

"Si vita, shefu. Ni mchezo wa ordinatere."

"Wanacheza?"

"Wanacheza."

Aliitazama muda mrefu, mandazi yakapoa. Kisha akaikunja akaitia mfukoni pamoja na mafuta yake.

Kuna wakati jeshi lilikataza watu kuvua usiku, ziwa likafungwa, na wavuvi waliokuwa wateja wangu wa alfajiri hawakuonekana. Nilikaa na mikono mitupu. Nikiwa nasafisha debe nikakuta unyevu umeingia kwenye mfuko, gundi ya bahasha imeachia. Nikatoa zile kurasa nane nikazisoma.

Nilizielewa. Sikutarajia. Lakini nilikuwa nimepitia mistari kama ile kwa miaka, nikiwa nasubiri mafuta, na Mwalimu akinieleza bila mimi kuomba. Na kazi yenyewe haikuwa mbali na ya jikoni: chukua siku zilizopita, gawanya, kilichobaki kiweke pembeni, ukifika hapa rudi pale. Nikachukua kipande cha makaa na upande mtupu wa karatasi ya unga, nikafanya kazi ya mashine kwa mkono wangu. Nilihesabu mwezi mzima uliokuwa mbele. Kisha nikangoja. Siku aliyosema utajaa, jua lilipozama ziwani ukatoka mzima nyuma yangu, juu ya vilima. Siku aliyosema giza, kulikuwa giza. Hakukosea hata siku moja. Nilijivunia mume wangu mpaka nikaumia, na nisingeweza kumwambia bila kumwambia na lile lingine. Nikaifunga bahasha kwa uji wa unga, nikairudisha ndani ya debe.

Baadaye yakaja magazeti mazito, yanayong'aa, yenye visahani vya sidii vilivyogandishwa kwenye jalada. Visahani nilivining'iniza juu ya meza kufukuza nzi. Karatasi ile ni mbaya kwa mandazi, ichukie upendavyo hutakosea: hainyonyi kitu, mafuta yanatiririka, na rangi inahamia kwenye chakula. Wasichana walinunua mandazi ili wapate picha za kubandika ukutani, wakaniomba nisizikunje. Hakuna aliyesoma. Kurasa za nyuma zilikuwa bado zipo, lakini sasa wasomaji waliandika kuuliza tu: mashine yangu imekwama, nifanye nini?

Mwalimu alilifunga la mwisho katika furushi akalitazama jalada.

"Zamani walikuwa wanamufundisha mutu kutengeneza," akasema. "Sasa wanamufundisha kununua."

Akanipa furushi zima.

"Pasua tu, mama. Usiningoje tena. Hawakuipenda."

Akasimama, akaisukuma kreti chini ya meza, akaenda shuleni. Tangu siku hiyo hakukaa tena pale. Mimi niliyekuwa nikiombea aache kutafuta nilishindwa kukanda unga asubuhi nzima. Alikuwa anakwenda kuzeeka akijua watu wasiomjua walisoma kazi yake wakaitupa. Wiki ile ile nilikwenda posta, nikabandika stempu mpya juu ya bahasha, nikaituma. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilitaka tu uongo wangu uwe kweli, hata kama umechelewa.

Miezi ikapita. Siku moja, katikati ya asubuhi, wakati ambao angekuwa darasani, nilimwona anakuja amebeba bahasha. Nje ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa Kifaransa, kwamba mwenye anwani hajulikani. Gazeti lenyewe lilikuwa limehama au limekufa, na posta ilirudisha bahasha kwa mtumaji, shuleni kwake. Aliiweka mezani katikati ya unga, akaweka kidole kwenye muhuri.

"Kashe iko ya mwaka huu," akasema. "Ya hapa hapa Rumonge."

Nikamwambia yote. Posta iliyofungwa, kiti alichokalia jioni ile, debe. Sikuomba msamaha, nilikuwa naona haya kuuomba. Wateja wawili walisimama wakisubiri, sikuwajali.

Alipangusa unga ulioshika kwenye bahasha.

"Basi hawakuikataa," akasema.

"Hawakuiona hata siku moja."

"Miaka hii yote nilijua wameikataa."

Uso wake ulilegea, karibu atabasamu. Angenifokea ingekuwa nafuu kwangu. Akafungua bahasha, kucha yake ikakwama kwenye ule uji wangu uliokauka. Aliukwangua kidogo, akanitazama, hakuuliza. Akasoma kurasa zote nane akiwa amesimama, polepole, midomo ikicheza. Kisha akazigongagonga mezani zikakaa sawa.

"Mustari wa mia moja na makumi mbili iko na kosa," akasema. "Kosa kubwa. Ni heri haikufika, mama. Wangenicheka."

Mstari wa mia na ishirini ni ule wa kugawanya. Nilikuwa nimeupitia mara thelathini kwa kipande cha makaa, siku kwa siku, na mwezi ukatii.

"Kweli iko na kosa?" nikauliza.

"Iko." Akanisogezea zile kurasa. "Tumia hizi leo. Karatasi ya zamani hii, inanyonya vizuri."

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni heri haikufika. Akarudi shuleni. Kurasa nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikazirudisha chini ya unga, na kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine asubuhi ile, wateja wangu walipokea mandazi mikononi, mafuta yakawachuruzika hadi kwenye viwiko.