Shuka la Kirumi

Nichekeni tu. Nilitaka darasa langu la kisomo cha watu wazima, hapa Temeke, lione walivyovaa Warumi, hao waliotuachia herufi tunazoandika. Mke wangu akiwa sokoni, nikavuta shuka jeupe kitandani, nikajitanda kama mtawala wa Rumi, nikatoka. Njiani watu walitabasamu, nami nikawapungia mkono nikidhani ni heshima. Darasani nikamkuta mwenyekiti wa tawi amekuja kutukagua. Nikaugeukia ubao nianze na A. Bi Mwajuma, ambaye alikuwa hajawahi kusoma neno zima, akasimama kwa furaha.

"Mwalimu, leo naweza!"

Akasoma mgongoni mwangu maneno aliyoyatarizi mke wangu tulipooana: "La-la sa-la-ma, mpe-nzi wa-ngu."