Grasiana Aliyehamisha Lango

Grasiana Ponsiano alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe, ambako babu yake alifika zamani kama manamba, kibarua wa mkataba, na hakurudi tena kwao. Baba yake naye alikata mkonge, mpaka shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wakapunguzwa. Kwa kiinua mgongo chake mzee Ponsiano alinunua kiwanja Manundu, mjini, akajenga nyumba yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Chumba hicho akampa binti yake.

"Fanya unachokijua," alimwambia.

Alichokijua Grasiana ni kupiga chapa. Alianza na mashine ya taipu, akaongeza ya fotokopi, halafu kompyuta moja, halafu nyingine. Mchumba wake alitaka aache ile kazi, akamwacha mchumba. Mdogo wake, Denis, alikuwa Dar es Salaam akiuza mitumba. Alikuwa akija Krismasi, anakula, anaondoka.

Kampuni ya simu ilipoanza kuuza intaneti kwa wenye simu za mezani, Grasiana alikuwa miongoni mwa wa kwanza mjini kuiomba. Fundi aliyekuja kuifunga aliitwa Habakuki, mtu mpole anayependa kuulizwa maswali. Alichomeka kisanduku kidogo kwenye waya wa simu, taa zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine.

"Hii ni modemu," alisema. "Waya wa simu una lugha yake na kompyuta ina yake. Hii ni mkalimani tu. Lakini inahudumia kompyuta moja. Ukitaka zote zipate, tafuta ruta. Hiyo ndiyo mgawaji."

Grasiana alipanda basi hadi Kariakoo akarudi na ruta yenye antena mbili. Habakuki alikuja kumsaidia kuipanga. Kila kompyuta wakaipa namba yake, na chini ya namba hiyo wakaandika nyingine, moja kwa zote: 192.168.1.1.

"Na hii?"

"Hii ndiyo anwani ya lango. Kompyuta haijui njia ya kwenda nje ya nyumba hii, dada. Inachojua ni kupeleka ombi langoni, na lango ni hii ruta. Namba ya lango ikikosewa, modemu itakuwa nzima, waya utakuwa mzima, na bado hakuna kitakachotoka wala kuingia." Akamwonyesha jinsi ya kuandika namba ileile kwenye kompyuta ili kufungua ukurasa wa ruta yenyewe, akamwambia aweke neno la siri analolijua yeye peke yake.

Biashara ilishika. Watu waliteremka kutoka Dindira kuja kufungua barua pepe. Kisha mzee Ponsiano akaugua mapafu. Grasiana alimwogesha, akamlisha, akalala sakafuni kando ya kitanda chake mpaka alipofariki. Denis alifika siku ya mazishi, yeye na mkewe Serafina, na mizigo mingi mno kwa watu waliokuja kuzika.

Matanga yalipoanuliwa, wazee wa ukoo walikaa. Baba mkubwa ndiye aliyesema.

"Nyumba na vilivyomo ni vya mtoto wa kiume. Grasiana, wewe bado utaolewa."

"Kompyuta zile nimezinunua mimi, baba mkubwa."

"Ulizinunulia katika nyumba ya nani?"

Denis aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Wazee wangu, siwezi kumfukuza dada yangu. Namwachia chumba cha uani."

Wazee wakamsifu kwa moyo wake. Wakataja kompyuta, meza, mashine ya fotokopi, hata feni, vyote vikawa vya Denis. Grasiana aliambiwa na watu kwamba angeweza kwenda mahakamani, lakini kesi za mirathi alizozijua zilikuwa zimewazeesha wenyewe. Alihamishia godoro lake uani, na kompyuta ya mkononi, kuukuu, ambayo ilikuwa chini ya mto wake wazee walipokuwa wakigawa.

Angeweza kuvumilia kunyang'anywa. Kilichomchoma ni yaliyofuata. Denis alikalia kiti chake. Alipaka kibao upya, jina lake likawa kubwa kuliko mlango. Wateja waliozoea kumwona Grasiana walipouliza, aliwajibu, "Dada yupo, anatusaidia usafi." Siku moja Grasiana aliingia kutoa nakala ya cheti cha kifo cha baba. Denis akamzuia mbele ya watu.

"Dada, uwe unaomba kwanza. Hapa ni biashara."

Grasiana alimtazama yule mdogo wake, ambaye yeye ndiye alimbeba mgongoni utotoni. "Naomba," alisema. Akatoa nakala yake, akarudi uani, akaketi kitandani, akafungua kompyuta yake. Mawimbi ya ruta aliyoinunua mwenyewe yalifika mpaka pale, kupitia ukuta. Na neno la siri Denis hakuwahi kumwuliza. Hakujua hata kama lipo.

Hakuvunja kitu. Alifungua ukurasa wa ruta, akafuta namba ya lango, akaandika nyingine. Kompyuta za mbele zikabaki zinabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Yeye aliiandika namba mpya kwenye kompyuta yake, akasoma magazeti ya siku ile yote huku akimsikia Denis akizima na kuwasha, akizima na kuwasha. Jioni akarudisha namba ya zamani. Chakula alichokula siku hiyo kilikuwa na ladha aliyokuwa ameisahau tangu msiba.

Hakurudia kila siku. Alichagua. Mtu akija na kazi kubwa, Denis akijigamba barazani, lango linahama. Na siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, watu wamejaa hadi barabarani, wazazi kutoka Kerenge wamesimama juani na namba za mitihani za watoto wao mkononi, Grasiana alihamisha lango akakaa uani kuchambua maharage. Alisikia makelele, alisikia mtu akimwita Denis tapeli. Aliwaonea huruma wale wazazi, lakini kituo kingine kilikuwepo karibu na stendi, na huko ndiko walikokwenda. Ndivyo alivyotaka.

Denis akamwita Habakuki. Fundi aliinama mbele ya modemu, akatazama taa.

"Mtandao unafika mpaka hapa bila tatizo. Shida iko humu ndani." Akachukua pini, akabonyeza kitundu nyuma ya ruta mpaka ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. "Sasa neno la siri ni lile lililoandikwa chini yake. Libadilishe leo hii."

"Nitabadilisha," alisema Denis, akaendelea kuhesabu wateja waliobaki.

Habakuki alitokea uani akielekea chooni. Alisimama mbele ya ungo wa maharage.

"Dada Grasiana. Katika nyumba hii nilimfundisha mtu mmoja tu mambo ya lango."

"Basi labda umesahau wengine."

Fundi akarudisha pini yake mfukoni. "Mimi nimeajiriwa kwa waya wa nje," alisema, akaenda zake. Kabla ya magharibi Grasiana alikuwa ameshaingia kwa neno la kiwandani, alilolijua tangu siku aliyoinunua ruta, na kuweka lake.

Hesabu zilimharibikia mahali asipopategemea. Denis alikuwa amemwajiri mwanamke aitwaye Shida, kutoka Mkata, mpole, ndiye aliyekuwa akikaa na wateja. Lango lilipohama tena, Denis alimgeukia.

"Umetumwa na wale wa stendi! Wanakulipa uniharibie!"

Shida akaapa kwa Mungu, kwa mama yake. Denis akamzaba kofi, akaita mgambo. Wakampitisha barabarani kwenda ofisi ya kata, kanga imemponyoka begani, watoto wakiwafuata nyuma.

Grasiana alishuhudia yote akiwa kwenye mlango wa uani. Kisasi chake alikipika kwa ajili ya mtu mmoja, na sasa kilikuwa kinaliwa na mwingine. Alijitanda kanga akawafuata.

Mtendaji wa kata, mzee Sadala, alikuwa nyuma ya meza yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na wewe una nini?"

"Mwachieni huyo. Lango nimelihamisha mimi."

Denis alimgeukia dada yake.

"Lango gani?" aliuliza mzee Sadala. "Umevunja mlango?"

"Sijavunja kitu, mzee. Kuna namba ambayo kompyuta zote hupitia kwenda nje. Nimeibadilisha."

"Umeiba?"

"Hapana. Namba imo humohumo ndani ya nyumba."

Mzee alijikuna kidevu. Lilikuwa shauri jipya kwake. Denis akadakia.

"Dada! Unaniua! Irudishe!"

"Irudishe wewe. Si mali yako?"

Shida alikuwa bado analia chini ya dirisha. Grasiana alimwendea, akamfunika kanga yake, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mwombe radhi huyu, hapa, mbele ya mzee. Mimi usiniombe, sitaki."

Denis aliomba radhi akiangalia sakafu.

"Jambo la pili, mzee Sadala. Wazee walipogawa mali walitaja mpaka feni. Ruta hakuna aliyeitaja. Niliinunua mimi, nami naichukua."

"Ana haki hiyo?" mtendaji alimwuliza Denis.

"Achukue," alisema Denis. Alidhani anaondokana na adha.

Grasiana aliichomoa siku hiyohiyo, akazikunja nyaya zake vizuri. "Modemu nakuachia," alisema. "Simu ni ya baba." Akatoka na begi lake. Hapo ndipo Denis alipogundua kwamba ana chumba kizima cha kompyuta na ni moja tu inayofika nje.

Alinunua ruta nyingine, ya bei rahisi, lakini wateja walikuwa wameshazoea stendi, na habari ya kofi ilikuwa imeenea. Aliuza kompyuta moja moja, mwisho chumba akampangisha fundi cherehani.

Grasiana alipanga kibanda Handeni mjini, yeye na Shida. Wafugaji walikuwa wa kwanza kumwamini. Mama mmoja, Nkoile, alikuja kila mwisho wa wiki kusomewa barua pepe za mwanawe aliyekuwa chuoni. Grasiana alinenepa kidogo. Wakati mwingine, akiwa peke yake, aliyakumbuka makelele ya ile siku ya matokeo na kucheka kimoyomoyo, kisha akawakumbuka wale wazazi na kuacha kucheka.

Denis alikuja huko mara moja, kakonda, na shati la mikono mirefu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa."

Shida ndiye aliyemletea chai, akaiweka mbele yake. Denis alizungumzia nyumba: paa linavuja, Serafina amerudi kwao, wazee wa ukoo wanasema ingefaa dada arudi nyumbani, asahau yaliyopita.

"Wazee wanasema," alirudia Grasiana. "Na wewe?"

Denis alikizungusha kikombe. "Na mimi nasema hivyohivyo."

"Kunywa chai kabla haijapoa," alimwambia. "Basi la Korogwe linaondoka karibuni." Akainuka, akaenda kumhudumia Nkoile, na hakugeuka nyuma.