Bipu Mbili za Kibirizi

Akina mama wa dagaa wa Kibirizi walipogoma kuondolewa kwenye vichanja vyao vya kuanikia, nilikwenda kuwaunga mkono kwa silaha pekee niliyosomea chuo kikuu: niliwaandikia tamko la kurasa tatu. Kesho yake nililikuta limefungiwa vitumbua. Mgomo ulishinda bila tamko.

Mpwa wangu, aliyekuwa likizo kutoka kazini Dar, aliona kilichoshinda. Wanawake walitoka Gungu, Rusimbi na Ujiji wakafika mwaloni kando ya ziwa kwa dakika ileile.

"Mjomba, hawa tayari ni mtandao. Kilichobaki ni mtambo."

Akaacha kazi. Dada yangu hakunisemesha wiki nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Mpango ulikuwa rahisi: mwenye dagaa wakavu atoe taarifa kwa simu, mtambo wa kompyuta ujumlishe, mnunuzi alete lori akijua litajaa. Mimi nilipewa kazi ya kuandika ujumbe. Nilitunga kwa raha zangu: "Mpendwa mzalishaji, tafadhali bainisha kiasi cha mazao uliyonayo..."

Siku ya majaribio mnunuzi alikuja na lori kutoka Kasulu. "Saa sita likiwa halijajaa naondoka," alisema, "na huo mtambo wenu nisiusikie tena."

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Mpwa wangu alikuwa anatafuna ukosi wa blauzi yake.

Nikamfuata mama aliyeongoza ule mgomo. Alikuwa anageuza dagaa kichanjani.

"Shikamoo, mama. Ujumbe haujafika?"

"Marahaba. Umefika. Kwani tumeshtakiwa? Jirani yangu kaificha simu kwenye unga."

"Sasa siku ya mgomo mliitanaje?"

Akanitazama kama nimeuliza ziwa liko wapi. "Tulibipu, msomi. Bipu moja, jiandae. Mbili, njoo. Nani ana salio la kubainisha?"

Nilirudi mbio, jambo ambalo tumbo langu halikuliafiki. Mpwa wangu akakaa juu ya ndoo, kompyuta mapajani, akafuta fasihi yangu yote. Yule mama, aliyenifuata nyuma, akawabipu wenzake mara mbilimbili. Walipofika akawatangazia: "Bipu namba hii! Bipu moja, gunia moja. Na mwandishi tumemnyang'anya kalamu!"

Wakacheka, wakatoa simu. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea moja. Tatu. Kumi na moja! Mpwa wangu akapiga kelele hadi kunguru wakaruka kutoka vichanjani. Wachukuzi wakaanza kukimbia na magunia, na hata mnunuzi akavua koti akapanda juu ya lori kupanga.

Nilisimama pembeni nikitafuta jina la kampuni tutakayoifungua. Nilikuwa nimefikia maneno sita, yote ya fahari. Simu yangu ikalia, ikakata. Ikalia tena, ikakata. Nikainua macho: mpwa wangu alikuwa kando ya lori, simu mkononi, akinionyesha kwa kidevu magunia mawili ya mwisho.

Nikakunja mikono ya shati, nikaenda kubeba.