Waya wa Shaba kwenye Fyuzi ya Zipora

Mpaka leo nikimsikia mtu pale stendi ya Lushoto akisema taa za pikapu ya Mzee Fanueli ziliunguzwa na Zipora, damu inanichemka. Natamani nimkunje shati. Halafu nakumbuka kwamba uongo huo ulipata nguvu kwa mdomo wangu mimi, Darweshi, dereva wa pikapu yenyewe, na hasira inanigeukia mwenyewe.

Zipora ni fundi umeme wa magari, na si wa kubahatisha. Alizaliwa Shume. Baba yake alikuwa mpasua mbao, akafariki Zipora akiwa darasa la sita, na msichana akalelewa na kaka wa marehemu, huyo huyo Mzee Fanueli, ambaye yeye humwita baba mkubwa. Akasomea ufundi Tanga, mwanamke peke yake darasani, akarudi kufungua banda la mabati karibu na stendi. Kila waya aliopitisha aliuzungushia kipande cha plasta nyeupe na kuandika kwa kalamu: HONI, TAA KUSHOTO, TAA KULIA. Mafundi wenzake walimcheka, ati anaandikia magari barua. Wacheke tu. Gari likizima Mtae, ambako hakuna fundi wala mtandao wa uhakika, dereva alifungua boneti akasoma barua yake na kuondoka.

Kazini alikuwa na mdomo mkali. Dereva mzembe alitoka pale masikio yakimwasha. Ila mbele ya mtu mzima sauti yake ilishuka, magoti yakakunjika, shikamoo ikatoka kama inavyotakiwa. Ndivyo alivyolelewa.

Sasa, barabara ya Mtae si ya mzaha. Ukiipita Shume, ukungu unaweza kukushukia saa saba mchana usione boneti yako mwenyewe, na upande mmoja ni korongo tupu. Nilimwomba Mzee taa mbili tu za njano, zifungwe chini kwenye bampa. Mzee akaenda Tanga, akarudi na taa sita nyeupe, kubwa kama sahani za pilau, za kufunga juu ya kabini. Kisa? Mfanyabiashara mmoja wa mbao kule Shume alikuwa na nne.

Zipora alizitazama, akamtazama baba yake mkubwa, akashusha sauti.

"Baba mkubwa, hizi zikiwaka zote kwa pamoja zinahitaji waya mnene zaidi ya huu ulioleta."

"Waya ni waya," Mzee akasema. "Funga, mwanangu."

Akafunga, siku nzima. Aliweka swichi mbili, kila moja taa tatu. Akaweka rilei ili mzigo wa umeme usipite kwenye swichi, na karibu na betri akaweka fyuzi moja ya kulinda yote. Alipomaliza akatuita wote wawili. "Washeni swichi moja tu. Mkiwasha zote mbili fyuzi itakatika, na ndiyo kazi yake, ikatike yenyewe waya usiungue. Ikikatika msiifunge waya. Nipigieni, hata niwe kanisani."

Mzee akaitikia, "Haya." Mimi nikaitikia. Tulisikia vizuri, masikio yetu hayakuwa na nta.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano kulikuwa na harusi. Bibi harusi, binti aitwaye Glory, alikuwa anatolewa Mtae kuletwa kanisani Lushoto. Mzee akaitoa pikapu iongoze msafara, imebeba matarumbeta nyuma, na taa ziwake mchana kweupe, maana kwetu msafara wa harusi usiowaka taa ni kama msafara wa kwenda dukani. Akakaa kiti cha mbele na suti yake, akawasha swichi zote mbili kwa mkono wake. Hatukumaliza kijiji, fyuzi ikakatika. Taa zote sita, giza.

Zipora alikuwa amesema itakatika, ikakatika. Hapo ndipo ulipotakiwa kuishia ubishi.

Nikamwambia Mzee tumpigie. Akatoa kwenye kisanduku cha dashibodi kipande cha waya wa shaba kilichobaki siku ya kufunga taa. "Mgosi," akaniita, yaani bwana kwa Kisambaa, "zungusha hiki hapo kwenye fyuzi twende. Unataka niaibike mbele ya watu?"

Nikazungusha. Mikono hii hii. Taa zikawaka, Mzee akacheka, tarumbeta zikalia.

Kabla ya Shume moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Nilisimama katikati ya njia, kwenye ukungu, nikachomoa terminali ya betri huku nyaya zinanuka. Wapiga tarumbeta waliruka kama vyura. Barabara ikaziba, magari ya nyuma hayakuweza kupita, na Glory akalazimika kutembea kwenye tope, gauni limekusanywa mikononi, akapande gari lililotoka upande wa pili. Hakuumia mtu. Ila aibu ile ilitafuta mwenyewe, na Mzee alijua pa kuipeleka.

Jumapili baada ya ibada akaita kikao sebuleni kwake. Alikuwepo shangazi Secilia na wazee wawili wa upande wa bwana harusi. Mimi niliitwa kama shahidi, Zipora kama mtuhumiwa. Alikuwa amekwenda kuomba aikague pikapu, Mzee akamkataza asiiguse tena.

Sasa sikia. Huku kwetu mdogo akiitwa mbele ya wakubwa, hata akiwa na haki yote, anaanza kwa kuomba radhi. Ndiyo njia ya kuingilia maneno. Ukishaomba radhi unaambiwa, haya, sema, ndipo unajieleza. Kila aliyekaa pale alilijua hilo tangu utotoni.

Zipora akapiga goti. "Shikamooni wazee wangu. Naomba radhi kwa yote yaliyotokea..."

"Mmesikia wenyewe," Mzee akadakia. "Amekubali kosa. Ni mwanangu, mimi nimeshamsamehe."

Alimsamehe! Alimsamehe kosa alilolitenda yeye mwenyewe, na wale wazee wakatikisa vichwa kwa kumsifu moyo wake. Zipora akafungua mdomo, shangazi akamgusa bega: "Nyamaza, mwanangu. Baba yako ameshasema." Mzee akanigeukia mimi. "Darweshi, taa ziliwaka zikaungua, au nasema uongo?"

Zipora akanitazama.

"Ni kweli, Mzee," nikasema. "Ziliungua."

Wiki haikuisha stendi nzima ilikuwa inamwita fundi wa kuunguza harusi. Madereva ambao magari yao alikuwa ameyatengeneza kwa miaka wakayapeleka kwingine. Mwezi wa saba akafunga banda, akarudi Shume kulima vibarua kwenye mashamba ya kabichi. Na mimi niliendelea kuendesha, nikila na kulala vizuri tu. Hilo ndilo linalonitia hasira kuliko yote.

Mwezi wa nane Mzee akanituma kwa fundi Edgar, pale pale stendi, afunge nyaya mpya za zile taa sita, ambazo hazikuwa zimewashwa tangu harusi. Edgar akaingiza mkono kando ya betri, akatoa fyuzi iliyozungushiwa shaba. Chini yake plasta nyeupe ilikuwa bado ipo, mwandiko wa Zipora: USIFUNGE WAYA. Akaisoma kwa sauti. Madereva wakasogea.

"Nani kafanya ujinga huu?"

"Mimi," nikasema. "Kwa amri ya Mzee Fanueli, na Zipora alitukataza." Nikasema yote. Mzee alifika nikiwa bado nasema. Nikampa shikamoo, kisha nikarudia yote mbele yake. Alinyoosha mkono, nikampa funguo za pikapu.

Jioni ile ile nikapanda Shume. Nilimkuta Zipora katikati ya matuta, jembe mkononi, tope mpaka magotini. Nikamweleza kila kitu, kuanzia waya wa shaba hadi stendi. Nilidhani atafurahi.

"Yule ni baba yangu mkubwa," akasema. "Mimi nilifungwa mdomo na heshima. Wewe si ndugu yake, kaka Darweshi. Ulifungwa na nini?"

Nikamjibu ukweli. "Niliogopa kupoteza kazi."

Akalitazama jembe, kisha akanitazama mimi.

"Na ile yangu haikuwa kazi?"