Mzigo Ulioelemea Upande Mmoja

Treni ilipotoka kwenye giza la stesheni ya katikati ya mji, mjukuu wangu aliniinamia akaniambia kwamba leo simjui.

"Leo wewe ni mteja tu, Ayeyo. Hunijui, sikujui. Na usiseme kitu."

Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali chetu. Nikamwambia mtu hawezi kukupikia mikate ya anjera alfajiri halafu saa tatu asikujue. Hakucheka. Alikuwa anatafuna kamba ya jaketi lake, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo siku za mtihani. Nikamwacha.

Siku hiyo alikuwa anapimwa. Kuna mama mmoja mzungu nje ya mji, kule ambako reli inatuacha na milima midogo inaanza, anayefuga lama. Lama ni jamaa ya ngamia, lakini ni mfupi, hana nundu, na ana manyoya kama kondoo. Watu wa Birmingham humlipa huyo mama watembee na wanyama wake mlimani kutwa nzima, mnyama amebeba chakula na makoti, mtu ameshika kamba. Mjukuu wangu tangu amalize chuo alikuwa anaenda kumsaidia wikendi. Sasa yule mama ana dada yake Amerika mwenye kazi hiyo hiyo, ila yake iko kwenye nchi kavu ya juu, jangwa la mawe, na alikuwa anatafuta kiongozi wa msimu mmoja. Makubaliano yalikuwa haya: msichana aongoze safari moja mwanzo hadi mwisho, peke yake, mwenye lama akitembea nyuma bila kumsaidia. Akifaulu, dada mtu ataandikiwa barua, na kabla ya kiangazi msichana ataondoka.

Hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa.

Mimi nimezaliwa kwenye nchi kama hiyo, kati ya Isiolo na Marsabit. Mchana jua linakupiga utosini, usiku baridi inakuuma mifupa. Babake huyu msichana nilimtoa kule mgongoni. Sikumtoa ili bintiye alipe nauli ya ndege kurudi jangwani. Alinionyesha picha kwenye simu: mawe mekundu, mbingu kubwa, njia nyembamba inapanda. Akaniuliza si ni pazuri. Mimi nilitafuta maji kwenye ile picha, sikuyaona.

Na hilo la kuambiwa ninyamaze lina asili yake. Zamani kidogo alikuwa anafanya kazi duka la viatu, nikaingia siku moja nikakuta amesimama tangu asubuhi, nikamwambia meneja wake aliyoyastahili. Nilimwambia kwa Kiingereza changu hiki hiki na alielewa vizuri sana. Msichana aliacha kazi wiki ile ile kwa aibu. Mimi sijutii, lakini nilijua kwa nini ananiangalia vile kwenye treni. Nikamwambia sawa. Nimekubali. Neno langu nikilitoa silirudishi.

Tulikuwa watatu kwenye treni, kwa sababu alitakiwa alete watu wasiowahi kuongoza lama, na mimi nilimleta jirani yangu, mama wa Kitanga anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Yeye huniita Bi Mkubwa, na akiniita hivyo najua kuna jambo anataka. Alikuja na kikapu amekifunika kitambaa, kizito, anakibadilisha mkono kila hatua. Nilimuuliza ana nini humo. Akasema vitu vidogo tu.

Shambani tuliwakuta wateja wengine, mume na mke, Waingereza, na fimbo zao za kutembelea. Mwenye lama alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake mikubwa, akatusalimu, kisha akaegemea uzio na kukunja mikono. Tangu hapo hakusema kitu tena. Nilitamani angalau asonye.

Wanyama wanne walitolewa. Nikatazama miguu yao: vidole viwili, laini chini, sawa na ngamia. Wawili walitandikwa, na kila tandiko lilikuwa na mifuko miwili, mmoja kila ubavu. Mjukuu wangu alikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza. Akapima mfuko wa kulia, akapima wa kushoto, akatoa chupa ya maji huku akaitia kule, mpaka ikalingana. Mamangu hakuwa na mizani. Yeye aliweka bega chini ya mzigo, akainua upande mmoja na upande wa pili, na pakipungua anatia jiwe. Kwetu kupakia ngamia ni kazi ya wanawake, na msichana huanza kwa kuokota hayo mawe. Nilisimama pale mikono nyuma, mteja, nikiyaangalia mambo hayo kama mtu asiyeyajua.

Kisha mjukuu wangu akazunguka kumfunga yule mnyama wa pili. Jirani yangu alipitia upande wa huku, akafungua mfuko wa kushoto wa lama wa mbele, wa rangi ya kahawia, akaingiza humo kile kikapu chote, thermosi na sufuria na kila kitu, akafunga. Halafu akapangusa mikono.

Nilimkazia macho. Akaninong'oneza, "Si mnyama amekuja kubeba, Bi Mkubwa?"

Alikuwa ameamka usiku kukaanga maandazi na kupika pilau ya watu wote. Kwake yeye, huwezi kutembea kutwa na watu mkale kila mtu mkate wake mkononi, mmegeuziana migongo. Na mimi hapo sikuwa na la kumlaumu, kwetu pia ni hivyo. Lakini mizani ilikuwa imeshapita. Nilimwambia kwa sauti ya chini aende amwambie msichana. Akasema atamwambia tukifika juu, iwe furaha ya ghafla.

Tukaondoka.

Njia ya kwanza ilikuwa ndani ya miti, tambarare, na mzigo ulikaa. Mjukuu wangu alitangulia na yule lama wa kahawia, anaongea na wageni, anawaonyesha jinsi ya kushika kamba isiwe ndefu wala fupi. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya nyumbani. Mimi nilikuwa wa pili, na lama mweupe aliyenipumulia sikioni. Mwenye lama alikuwa nyuma kabisa. Nilimsikia akikanyaga matawi.

Tulipoanza kupanda, tandiko likaanza kusogea. Kwanza kidogo, kama mtu aliyekaa vibaya kitini. Mkanda wa tumboni ukavutika upande mmoja. Yule mnyama akaanza kuguna, mmm, mmm, kwa pua, sauti ya mtu anayeumwa jino lakini hataki kuwasumbua wenyeji. Yule mke Mwingereza akasema anaimba. Mjukuu wangu akacheka kidogo, akasema mara nyingine huguna wakiwa na wasiwasi. Akaendelea kutembea.

Nilikuwa na umri wa kuokota mawe tulipohama kwenda kisimani, mamangu akiwa mgonjwa na shangazi yangu ndiye aliyepakia. Mzigo ulielemea. Wakubwa waliona wakasema utafika. Kwenye mteremko tandiko liligeuka likaingia chini ya tumbo, ngamia akatimua mbio, na vyombo vya maji vikapasuka kwenye mawe vyote. Tulifika kisimani jioni ya pili. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameacha kulia maji tangu asubuhi, na mamangu alikuwa akimfinya njiani aone kama bado anasikia. Alipona. Lakini mimi mzigo ukiinama, hata uwe wa baiskeli ya posta, sipumui vizuri.

Na mbele yetu palikuwa na mteremko. Niliuona miti ilipokwisha: njia ya mchanga mwekundu na kokoto inashuka kwa ghafla, na upande wa kushoto, upande wa kikapu, hakuna kitu cha kumzuia mnyama.

Sasa nitasema jinsi ilivyokuwa ndani yangu, kwa sababu watu hupenda kusema bibi alitaka mema tu.

Nikinyamaza, nimetimiza ahadi. Nikinyamaza, tandiko litageuka mbele ya macho ya yule mama, na hakuna barua itakayoandikwa Amerika. Mtoto atalia wiki moja. Kisha atatafuta kazi ya ofisini, na jioni atapita kwangu kula, viatu mlangoni, simu mkononi, kama kawaida. Hayo yote nilikuwa nayapata kwa kufunga mdomo, na mwenyewe ndiye aliyeniomba niufunge. Nani angenilaumu?

Na nikisema, hata neno moja, mwenye lama atasikia kwamba msichana ameonyeshwa na mtu mwingine. Basi hilo nalo lingemaliza safari ya Amerika. Pande zote mbili nilikuwa nimepata nilichokitaka. Ndiyo maana nilipunguza mwendo, na wala si kwa uzee.

Jirani yangu aliniuliza kama nimechoka. Nikamwambia anyamaze.

Lama wa kahawia alifika kwenye ukingo. Akaweka mguu mmoja wa mbele chini, mzigo ukaning'inia. Na nikamwona mjukuu wangu, si hapa kwenye kilima hiki cha watu kutembeza mbwa, nikamwona kule kwenye ile picha, na wageni nyuma yake na maji yote yako kwenye mfuko wa kushoto.

Nikapiga ulimi kwenye kaakaa, mara mbili.

Ni sauti ya mamangu, ya kumsimamisha ngamia wa mbele. Lama hawaijui. Yule mweupe wangu hata sikio hakulitikisa. Lakini huyu mtoto nimemlea mimi, na nimempigia sauti hiyo kwenye kila barabara ya mtaa wetu, Erdington, akitaka kuvuka bila kuangalia. Sikuwa nimekata shauri. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Mkono wake ulipanda juu, msafara mzima ukasimama. Hakunigeukia. Alitazama mzigo, akatia vidole chini ya mkanda, na uso wake ukabadilika. Akamrudisha mnyama kinyumenyume mpaka pa tambarare, polepole, akimwambia maneno ya kumpooza. Kisha akafungua mfuko wa kushoto na harufu ya pilau ikatoka kabla ya sufuria.

Akauliza kwa Kiingereza, kwa utulivu, nani ameweka hiki. Jirani yangu akainua mkono kama mtoto wa shule. Nilitegemea msichana apandishe hasira, nilimjua babake. Badala yake alimwambia asante, chakula kinanukia vizuri, lakini mnyama akielemewa upande mmoja ataanguka, na akianguka mtu ataanguka naye. Akampa kila mtu kazi ya kushika kamba. Akashusha vyote, akatandika upya, akagawa, akapima na mizani yake. Jirani alianza kugawa maandazi palepale, akisema anapunguza uzito. Mwenye lama alichukua mawili.

Tukashuka ule mteremko. Nilihesabu hatua za yule lama kwa macho mpaka chini, na mpaka leo nikifumba macho naona zile kokoto zikitoka chini ya miguu yake.

Mwisho wa siku, tulipokuwa tunasubiri gari la kutupeleka stesheni, mwenye lama alimshika mjukuu wangu bega akaongea naye pembeni. Nilijua kwa mgongo wa msichana, ulivyonyooka. Barua itaandikwa.

Kwenye treni alitueleza, anachekelea. Na zaidi ya hapo, yule mama alijua tangu asubuhi kwamba mimi ni nyanya yake. Jirani yangu alikuwa amemwambia getini wakati wa kusalimiana. Nilimgeukia. Akasema, "Sasa ningesalimiaje watu bila kusema nani ni nani?"

Akashuka kituo cha kabla ya chetu, anakwenda kwa binti yake. Tulipobaki wawili nikamuuliza mtoto lile moja nililotaka kulijua. Uliona mzigo umeelemea kabla ya sauti yangu, au baada?

Alifikiri. Kisha akajibu kwa Kiswahili, ambacho hukitumia akitaka nisibishe. "Nilikuwa nimeona, Ayeyo."

Nilimwangalia. Alikuwa anatafuna kamba ya jaketi.

Nimeurudia ule mkono wake kichwani mara nyingi. Siku nyingine unapanda kabla, siku nyingine unapanda baada. Siwezi kuapa. Na kule anakokwenda mimi sitakuwa wa pili kwenye mstari.

Basi nilianza kumpima mwenyewe. Tukienda madukani high street, viazi vyote navitia mfuko mmoja, na mkate na mboga mwingine, nampa abebe. Mara ya kwanza alibeba mpaka kituo cha basi, bega moja chini, akiongea na simu. Usiku ule sikulala. Mara ya pili vilevile. Nikanyamaza, nikasali.

Jumamosi iliyopita alitoka dukani, simu iko sikioni, akasimama. Akaweka mifuko chini kwenye lami, akahamisha viazi nusu upande wa pili, akainua, akaongeza kimoja. Bado anaongea na simu. Alipomaliza akaniambia, "Unanipima, Ayeyo."

Nikamwambia, "Kwani mimi na wewe tunajuana?"

Alicheka mpaka watu wakageuka. Akabeba mpaka mlangoni kwangu, mabega sawa. Tiketi imeshakatwa, begi liko sebuleni limefunguliwa nusu. Ile picha yake ya jangwa nimemwomba anichapishie, nimeibandika juu ya friji, na kila nikifungua kutoa maziwa naitazama. Maji bado sijayaona.